Safari ya Wawili: Kupanga Mechi, Mbio na Matembezi Bila Kununiana

Ngazi za mnara ule nilizishuka kinyumenyume. Jana yake tulikuwa tumekimbia nusu marathoni, na mapaja yalikuwa yamekataa katakata kazi ya kushuka. Kupanda niliweza, kwa kujikongoja. Kushuka ndiko kulikoniumbua. Watoto wa shule walinipita wakicheka. Mwenzangu, ambaye ndiye aliyenunua tiketi za mnara ule miezi miwili kabla, alikuwa ngazi kumi chini yangu, ameshika reli kwa mikono yote miwili kama mtu anayeteremka kisimani. Tulipofika chini tulikaa kwenye benchi robo saa nzima bila kusemezana. Kisha tukaanza kutafuta nani wa kulaumiwa, tukagundua kuwa mbio zilikuwa nzuri, mnara ulikuwa mzuri, ila aliyeziweka siku mbili hizo pamoja alikuwa hana akili. Aliyeziweka ni sisi.

Tumesafiri mara nyingi tangu siku hiyo, tukifuata michezo na kutalii humo humo, na utaratibu wetu umekuja kukaa hivi.

Hatua ya 1: Kila mmoja aandike yake kwanza

Kabla hamjafungua ramani wala kuulizia nauli, kaeni kila mtu na karatasi yake. Andikeni mambo matatu: ninachotaka kutazama, ninachotaka kucheza kwa mwili wangu mwenyewe, na ninachotaka kuona madhali nimefika huko. Msionyeshane mpaka wote mmalize.

Mkianza kwa mazungumzo, mwenye mapenzi makali zaidi ndiye atakayesema, na mwingine atajibu "sawa tu". Hiyo "sawa tu" ni deni. Litadaiwa siku ya nne ya safari, mvua ikinyesha, mkiwa kwenye foleni ya geti la uwanja.

Karatasi zitawafichulia jambo jingine. Kutazama mchezo na kucheza mchezo ni safari mbili tofauti. Wapo wanaosema "sisi wote ni watu wa michezo", wakifika wanagundua kuwa mmoja alimaanisha kukaa jukwaani na skafu shingoni, mwingine alimaanisha kupanda mlima kwa baiskeli alfajiri. Kutazama huchosha koo. Kucheza huchosha miguu, na miguu hiyo hiyo ndiyo mnayoitegemea kwa matembezi.

Kama mmoja wenu si shabiki wa kufa na kupona, basi mchezo wa kumwanzia uchaguliwe kwa hekima. Angalia kwanza unachezwa mara ngapi. Timu ya mpira wa kikapu ya NBA hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida, nusu yake nyumbani. Timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani hucheza 162, na 81 kati ya hizo ni za nyumbani. Maana yake ni kwamba ukiwa Chicago au Boston wakati wa msimu, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta mechi wiki hiyo hiyo bila kupindua safari nzima. Timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hucheza 17 tu, na kila moja ni kama arusi: bei iko juu na nafasi ni chache. Kriketi nayo ina sura mbili. Mechi ya T20 huisha kwa saa tatu hivi, wakati mechi ya Test inaweza kwenda siku tano. Usimpeleke mgeni wa kriketi kwenye Test kisha umshangae akisinzia.

Mimi nikiulizwa mchezo mmoja wa kumkonga moyo mtu asiyejua lolote, nitasema sumo ya Japani. Sheria yake inaelezeka kabla mpiganaji hajamaliza kurusha chumvi: anayetoka nje ya duara, au kugusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Pambano lenyewe mara nyingi huisha kwa sekunde. Kuna mashindano makuu sita kwa mwaka, ya siku 15 kila moja: Januari, Mei na Septemba hufanyika Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Ukiingia mchana mapema unakuta wapiganaji wa ngazi za chini na viti vitupu, na vigogo wanaingia baadaye kuelekea jioni. Asubuhi yote inabaki ya hekalu na bustani.

Hatua ya 2: Chagueni nguzo moja

Safari iwe na tukio moja lisilosogezwa, na mengine yote yaegemee hapo. Moja tu. Mkiweka nguzo mbili, mtaishi kwenye viwanja vya ndege. Kombe la Dunia la 2026 lilipangiwa miji 16 katika nchi tatu, kuanzia Vancouver hadi Miami na Mexico City. Shabiki anayeifuata timu yake mechi kwa mechi kwenye ramani kama hiyo anaona mawingu kuliko mpira. Kwa mashindano ya namna hiyo, sisi huchagua mji tunaoupenda, tukakaa hapo, na kutazama yeyote atakayekuja kucheza.

Sasa kuna mtego. Nguzo nyingine zina magurudumu.

Mechi za ligi za soka za Ulaya ndizo mbaya kuliko zote. Ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza hutolewa mwezi Juni, na mechi nyingi huandikwa Jumamosi alasiri. Halafu televisheni zinachagua zao, na ile Jumamosi yako inaweza kuwa Ijumaa usiku, Jumapili, au Jumatatu. Timu ikisonga mbele kwenye kombe, mechi ya ligi iliyogongana na tarehe hiyo nayo inaahirishwa. Sisi tulishalipia ndege ya kurudi Jumapili jioni ndipo mechi yetu ikahamishiwa Jumatatu usiku. Tuliitazama sebuleni kwetu, tumevaa skafu tulizozinunua siku mbili kabla nje ya uwanja huo huo. Mwenzangu alisema angalau kiti ni laini.

Kwa hiyo, ikiwa nguzo yenu ni mechi ya ligi, ama subirini saa na siku vithibitishwe ndipo mlipe nauli, ama nunueni tiketi ya ndege inayobadilishika, ama laleni usiku mbili kabla na mbili baada. Thibitisheni hata uwanja. Kuanzia msimu wa 2023/24 Barcelona walihamia uwanja wa Olimpiki wa Montjuïc wakati Camp Nou ikijengwa upya, na aliyepanga hoteli karibu na Camp Nou kwa mazoea alijikuta mbali na mechi.

Matukio yanayotulia ni yale ya tarehe za desturi. Boston Marathon hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, New York Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tarehe za Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London, hujulikana mapema, Tour de France ya baiskeli ni Julai, na mbio za magari za Formula 1 hutangaziwa kalenda ya mwaka mzima. Kwa anayepanga likizo ya kazini, hizi ndizo nguzo za kuegemea.

Marathoni kubwa zina kizungumkuti chao: kuingia. London, Berlin, Tokyo, Chicago na New York huendesha bahati nasibu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Boston inataka muda wa kufuzu au nafasi ya kuchangisha pesa za hisani. Jiulizeni kabla ya kuomba: akipata mmoja na mwingine akakosa, tunakwenda? Msipolijibu swali hilo mapema, barua ya pongezi itafika nyumbani kama barua ya kesi.

Jibu letu ni kwamba tunakwenda, na aliyekosa hageuki mbeba koti. Anapewa kazi ya maana, yaani kupanga njia ya kumwona mkimbiaji mara nyingi iwezekanavyo, na kazi hiyo ni utalii kamili. Chukua London. Wakimbiaji hupita Tower Bridge kwenye kilomita ya 20 hivi. Muda mfupi baadaye wanaingia barabara iitwayo The Highway, ambako walio kwenye kilomita ya 21 na walio kwenye kilomita ya 35 hukimbia pande mbili za barabara ile ile. Mtazamaji aliyesimama hapo anamwona mtu wake akienda na uso wa tabasamu, anakunywa chai, kisha anamwona akirudi na uso mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Tiketi

Nunueni kwa klabu au kwa waandaaji wenyewe. Hili linasemwa kila mahali hadi limechuja, lakini kuna sababu ya kisheria pia: huko Uingereza, kuuza tena tiketi ya mechi ya soka bila idhini ni kosa la jinai kwa sheria ya 1994, na tiketi ya mlanguzi inaweza kufutwa mkiwa mmeshafika getini. Klabu nyingi kubwa huwapa wanachama nafasi ya kwanza, na uanachama wa mwaka mara nyingi ni nafuu kuliko faida ya mlanguzi. Mnapolipa, hakikisheni viti viwili vinakaa pamoja na viko upande wa mashabiki wa nyumbani. Mkiwa hapo, jezi ya wageni iacheni hotelini hata kama ndiyo timu ya moyoni.

Ipo milango ya wasio na tiketi. Wimbledon huuza tiketi za siku hiyo hiyo kwa wanaopanga foleni, na wapo wanaolala hapo kwenye mahema. Kila mtu hupewa kadi yake yenye namba na kununua tiketi moja tu, kwa hiyo mmoja hawezi kumpangia mwenzake aliyebaki kitandani. Nendeni wote. Tiketi ya kuingia viwanjani bila kiti cha uwanja mkuu inatosha kabisa kwa wiki ya kwanza, kwa sababu kwenye viwanja vya pembeni mnakaa karibu kiasi cha kusikia mchezaji akijisuta mwenyewe.

Na ipo burudani ya bure kabisa: Tour de France. Hatua 21 ndani ya siku 23, na barabara ndiyo jukwaa. Kwenye tambarare wanapita kama upepo, sekunde chache na wamekwisha, kwa hiyo chagueni mlima, ambako mwendo hupungua na kundi hukatika vipande. Alpe d'Huez ina kona 21 zenye namba, na kila kona ina kibao chenye jina la mshindi wa huko nyuma. Barabara za milimani hufungwa saa nyingi kabla, hivyo fikeni asubuhi mkiwa na maji, kofia na kitu cha kukalia. Kabla ya waendesha baiskeli hupita msafara wa matangazo ukirusha zawadi ndogo ndogo. Hapo ndipo nilipomwona mtu mzima mwenye shahada mbili, ambaye nimefunga naye ndoa, akimpiga kikumbo mzee wa watu kwa ajili ya kofia ya karatasi.

Hatua ya 4: Panga siku kwa miguu, saa zifuate baadaye

Hapa ndipo safari nyingi za wawili hufia. Watu hupanga ratiba kwa saa: saa tatu hili, saa sita lile. Saa zinatosha, miguu haitoshi. Chora siku zenu, kisha kando ya kila siku andika miguu itatumika kiasi gani: nyingi, kidogo, hakuna.

Siku moja kabla ya mbio, utalii uwe wa kukaa. Panda boti ya mtoni, basi la ghorofa, ingia tamasha. Makumbusho yaepukeni siku hiyo, kwani kusimama na kusogea hatua moja moja juu ya sakafu ya mawe kunachosha miguu kuliko kutembea barabarani. Kumbukeni pia kwamba mbio kubwa zinamtaka mkimbiaji aende mwenyewe na kitambulisho kuchukua namba yake ya kifuani, na nyingi hazitoi namba asubuhi ya mbio. Ukumbi wa kuchukulia huwa mbali na umejaa vibanda vya viatu na soksi. Hesabuni nusu siku.

Siku ya mbio barabara zimefungwa. Teksi haitafika mlangoni. Msipange kubadili hoteli wala kusafiri kwa treni siku hiyo.

Siku moja au mbili baada ya mbio, marufuku ngazi. Msuli hupata majeraha madogo hasa pale unapojinyoosha huku unazuia uzito, na hiyo ndiyo kazi ya paja wakati wa kushuka. Maumivu hupamba moto kati ya saa 24 na 72 baadaye, ndiyo maana jioni ya mbio mtu anajiona shujaa na keshokutwa anashindwa kukaa chooni. Kuba la kanisa kuu la Florence lina ngazi 463 na halina lifti. Mnara wa Eiffel una ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, ingawa pale lifti ipo. Vitu hivi viwekeni kabla ya mbio kwa siku tatu au zaidi, au mwishoni kabisa. Na kwa sababu mnazungusha siku namna hii, angalieni siku za kufungwa: kwa makumbusho ya Paris, Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu. Aliyekimbia Jumapili mjini Paris na kuahirisha makumbusho mpaka Jumanne amejifungia mlango wa Louvre mwenyewe.

Wanaopiga mbizi wana hesabu yao, na hii haina mzaha. Mwili uliokuwa chini ya maji ukipumua hewa ya mtungi hubaki na nitrojeni iliyoyeyuka. Ukipanda juu haraka, hewa hiyo hutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja kabla ya kupanda ndege, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Wengi husubiri siku nzima. Kupanda milima mirefu nako kunaingia kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo bahari ianze, mlima ufuate baada ya muda huo wa kusubiri, na siku ya mwisho iwe ya nchi kavu.

Kwa safari za juu, mwinuko wa kuanzia mita 2,500 unaweza kumletea mtu kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Wengi huenda Peru wakiihofia Machu Picchu, kumbe ipo kama mita 2,430, na Cusco wanakotua kwa ndege ipo kama mita 3,400. Dawa yake ni kushuka siku ile ile kwenda kulala kwenye bonde lililo chini ya Cusco, halafu kurudi mjini baada ya siku kadhaa. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Na angalizo kwa wapendanao: mwinuko haujali nani ana mazoezi zaidi. Mkimbiaji anaweza kulala kitandani hoi huku asiyefanya mazoezi akiomba chakula cha pili. Anayeumwa ndiye anayeamua mwendo.

Uchovu wa kuvuka majira ya saa, kwa makadirio ya kawaida, huchukua siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kwenda mashariki huumiza zaidi. Mechi ya usiku siku ya kwanza mliyotua ni pesa ya kwenda kulala jukwaani.

Hatua ya 5: Mgeni na mwenyeji

Tulijaribu kugawana kila siku nusu kwa nusu: asubuhi yangu, jioni yako. Haikufaa. Kila mmoja alikuwa akiangalia saa katika nusu ya mwenzake. Sasa tunagawana siku nzima nzima. Siku yangu mimi ni mwenyeji na mwenzangu ni mgeni; siku yake kinyume chake. Mwenyeji anaamua yote, pamoja na saa ya kuamka na mahali pa kula. Mgeni ana haki mbili tu: kupumzika dakika ishirini anapotaka, na kuuliza swali lolote bila kuchekwa. Hana ruhusa ya kuuliza "tunaondoka saa ngapi".

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli nimepona. Nimetazama soka zaidi ya miaka ishirini. Siku moja, katika mechi niliyomwalika mwenzangu, nikamwona haangalii mpira. Anamwangalia kipa wa upande wetu, ambaye wakati huo hakuwa na kazi. "Mbona anachora chini?" akauliza. Nikatazama: kipa alikuwa ametoka hatua chache mbele ya mstari, anaburuta kisigino chake kwenye nyasi, sawasawa na katikati ya goli, ili awe na alama ya kumwonyesha alipo bila kugeuka nyuma. Miaka ishirini, na sikuwahi kuiona alama ile. Tangu hapo kila mechi naitafuta.

Mwenyeji naye asimchoshe mgeni. Kwenye makumbusho mwenzangu hunionyesha picha tatu tu, ananisimamisha mbele ya kila moja hadi nione kitu mwenyewe, kisha tunatoka kwenda kunywa kahawa. Zile nyingine mia nne nazipita. Ananilaumu kimoyomoyo, najua, ila hasemi.

Hatua ya 6: Tafuteni mahali panapowatosha wote

Zipo sehemu ambazo hazihitaji mgeni wala mwenyeji. Hizi zijazeni kwenye siku zilizobaki.

Monaco ni mfano ninaoupenda. Njia ya Formula 1 ya pale, iliyoanza kutumika 1929, ni barabara za kawaida za mji. Mashindano yakiondoka mtu yeyote anaitembea. Ni kilomita 3.337: mnapanda kutoka kona ya Sainte-Dévote kwenda kasino, mnashuka kwenye kona kali ya nyuzi karibu 180, mnapita handaki la chini ya hoteli na kutokea bandarini kwenye mashua za matajiri. Kwa mwendo wa kupiga picha haimalizi saa moja na nusu. Mpenzi wa magari anasikia injini kichwani, mpenzi wa mandhari anaona bahari.

Athens kuna uwanja wa Panathenaic, wa marumaru mtupu, ulioandaa Olimpiki ya 1896. Marathoni ya Athens, inayokimbiwa Novemba, huanzia mji wa Marathon na kuishia ndani ya uwanja huo. Istanbul nayo, mwezi huo huo wa Novemba, huwaanzishia wakimbiaji upande wa Asia na kuwavusha darajani kwenda Ulaya. Barcelona, juu ya Montjuïc, lipo bwawa la kupiga mbizi la Olimpiki ya 1992 ambalo nyuma yake mji mzima umetandazwa. Munich lipo paa la uwanja wa Olimpiki wa 1972, lile linalofanana na mahema ya kioo.

Viwanja vya soka vina ziara za ndani: vyumba vya kubadilishia nguo, njia ya kuingilia, benchi la akiba. Siku ya mechi ziara hizo hufutwa au hupunguzwa, kwa hiyo wekeni siku moja kabla. San Siro ya Milan, iliyofunguliwa 1926, inatumiwa na timu mbili hasimu, na ukiona vyumba viwili vya timu mbili hizo chini ya paa moja unaelewa dabi kuliko ukisoma kurasa mia.

Hatua ya 7: Makaratasi, begi na bima

Hapa nitakwenda mbio. Kwa nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, viza huombwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15 kabla. Pasipoti iwe haijazidi miaka kumi tangu itolewe, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti, hasa kwa mliooana na mmoja akabadili jina.

Bima isomeni kwenye ukurasa wa mambo isiyoyalipa. Huko ndiko kumejificha kupiga mbizi, kuteleza kwenye theluji, kupanda milima kwa kamba na wakati mwingine hata mashindano ya mbio.

Viatu vya mbio viingie ndani ya ndege pamoja nanyi. Begi likipotea, suruali itanunuliwa popote. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu havinunuliki. Kwa uwanjani bebeni begi dogo kabisa: viwanja vya NFL tangu 2013 hutaka begi la plastiki angavu lisilozidi takriban sentimita 30 kwa 30 kwa 15, na viwanja vingi vya Ulaya hukataa begi lililozidi ukubwa wa karatasi ya A4. Tiketi zikiwa za simu, kila mmoja awe na yake kwenye simu yake, na pawabenki iwe mfukoni. Simu moja yenye tiketi mbili ikizima, mmebaki nje wote wawili.

Hatua ya 8: Kubalianeni pa kukutania

Mechi ikiisha, watu elfu hamsini hutoka kwa mara moja na mtandao wa simu hulemewa. Mtapotezana, hata kama mmeshikana mikono, maana mmoja atakwenda msalani. Kabla ya kuingia, chagueni mahali.

Msichague sanamu. Sisi tulichagua sanamu ya mchezaji mashuhuri mbele ya uwanja, tukiona tumefanya la maana, na nusu ya mashabiki wa timu ile nao walikuwa wamechagua hapo hapo. Nilisimama dakika arobaini upande wa uso wa sanamu, nikiwa nimeshaanza kuandaa maneno. Mwenzangu alikuwa amesimama dakika arobaini upande wa mgongo, naye ameandaa yake. Siku hizi tunachagua vitu visivyopendwa na mtu: pipa la taka lenye namba, kona ya duka la dawa lililofungwa, nguzo ya taa ya tatu kutoka geti. Na anayefika kwanza haruhusiwi kusogea, hata kununua maji.